Plastiki Ni Ile Ile, Tabia Si Ile: Kutafuta Hitilafu Kwenye Mkao wa Molekuli

Gunia la punje limeandikwa PP (polipropilini), namba 5. La pili vilevile. Mashine ni moja, kalibu ni moja, fundi ni yule yule. Ila ndoo za gunia la kwanza zikianguka zinadunda, na za gunia la pili zinapasuka kwenye lori kabla hazijafika Molo. Kabla hujafungua mashine au kugombana na muuzaji, jiulize minyororo ya molekuli ndani ya punje hizo imepangwaje. Herufi PP zinakutajia atomi zilizomo. Hazikuambii zimekaa upande gani.

Mwongozo huu ni wa karakana ndogo za kudunga plastiki (kuisukuma ikiwa imeyeyuka ndani ya kalibu), wasokotaji kamba na wenye printa za 3D kuanzia Nakuru hadi Kisumu na magharibi yote.

Bua la mahindi na njiti za kiberiti

Chukua mabua makavu ya mahindi yenye urefu wa sentimita 30. Kwenye matano ya kwanza, choma njiti kumi za kiberiti upande mmoja tu. Kwenye matano ya pili, choma moja kushoto na moja kulia, kwa zamu. Kwenye matano ya mwisho, rusha sarafu kila mara na uchome upande itakaoamua. (Kazi hii wape watoto, wataimaliza mapema kuliko wewe.) Kila bua lina njiti kumi, na kwenye mizani yote ni sawa. Sasa yafunge matita matatu. Mabua ya kundi la kwanza na la pili yanalaliana. Ya kundi la tatu yanasukumana na kuacha mianya popote unapoyashika.

Polipropilini ndivyo ilivyo. Bua ni uti wa kaboni, njiti ni mkono wa methili unaojitokeza kwenye kila kaboni ya pili. Mikono yote ikiwa upande mmoja, mnyororo huitwa isotaktiki. Ikipishana kwa zamu, ni sindiotaktiki. Ikikaa ovyo, ni ataktiki. Giulio Natta wa Italia alipata polipropilini isotaktiki mwaka 1954 akitumia vichocheo vya aina aliyogundua Karl Ziegler, na wawili hao wakagawana Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1963. Katika aina ya isotaktiki mnyororo hujisokota kama uzi wa skrubu, mikono mitatu kwa kila mzunguko, na skrubu hizo hulala pamoja na kufanya fuwele. Ndiyo maana bidhaa yake ni ngumu na huyeyuka karibu nyuzi 160 hadi 165 za Selsiasi. Sindiotaktiki huyeyuka chini ya hapo, nyuzi 130 na ushei kwa kawaida. Ataktiki haina fuwele kabisa. Ni kitu laini kinachonata, na hutumika kwenye gundi za moto na kuchanganywa na lami. Atomi ni zile zile katika zote tatu.

Mfano mwingine uko jikoni. Wanga wa unga wa mahindi na selulosi ya kamba ya katani vyote ni minyororo ya glukosi. Tofauti iko kwenye upande ambao kiungo kimeelekea. Kimoja unakisonga kikawa ugali, kingine unafungia ng'ombe.

Jambo moja lishike kabla ya kwenda mbele, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi hupotezea pesa: kuyeyusha hakugeuzi mpangilio wa mikono. Njiti haihami upande bila bua kuvunjwa. Mpangilio uliamuliwa kiwandani, siku mnyororo ulipojengwa na kichocheo. Joto, presha na kasi ya kupoza vinaamua tu ni sehemu gani ya minyororo itapata nafasi ya kujipanga kuwa fuwele, na fuwele hizo zitakuwa na ukubwa gani. Kwa hiyo kila dalili hapa chini ina maswali mawili: mnyororo wenyewe unaweza kujipanga? Na je, umepewa nafasi?

Kwanza hakikisha unachoshika mkononi

Malalamiko mengi ya "PP mbaya" ni PP iliyochanganyika na polithini ya mitungi. Vipimo viwili vinatosha kuanzia.

Cha kwanza ni cha kuelea. Maji matupu hayasaidii, kwa kuwa zote mbili huelea. Changanya ethanoli na maji hadi upate nguvu ya asilimia 50 kwa ujazo. Mchanganyiko huo una msongamano wa karibu 0.93. Kata vipande vya milimita 5 visivyo na rangi nzito wala chokaa, visugue kwa tone la sabuni ili viputo vya hewa visivishike, kisha vitie. PP, yenye 0.90 hadi 0.91, huelea. Polithini ngumu, yenye 0.94 na kuendelea, huzama. Polithini laini ya mifuko inaweza kuelea au kuning'inia katikati, kwa hiyo usiitegemee hapa. Chang'aa isikujaribu, nguvu yake haijulikani. Na usifanye kazi hii karibu na jiko.

Cha pili ni cha joto, na ndicho kinachogusa mkao wa molekuli. Tafuta bamba la alumini lenye unene wa milimita 10, toboa shimo dogo ubavuni, uingize waya wa kupimia joto wa multimita. Liweke juu ya jiko la umeme. Panga vipande vyembamba vya unene wa nusu milimita, na kimoja kiwe cha bidhaa unayoiamini. Pandisha joto haraka hadi nyuzi 110, kisha polepole, nyuzi 2 au 3 kwa dakika, ukigusa kila kipande kwa ncha ya sindano. Andika joto ambalo sindano inazama bila kusukumwa.

Polithini ngumu italegea karibu nyuzi 130. PP isotaktiki safi itavumilia hadi 160 au zaidi. Kipande kikilegea kati ya 135 na 150, una polipropilini ambayo mpangilio wake umekatizwa. Huenda ni aina iliyotiwa etilini kidogo kwa makusudi, au ni yenye mikono mingi iliyokaa ovyo. Kipande kikilegea hatua kwa hatua, sehemu kwenye 130 na sehemu kwenye 160, huo ni mchanganyiko wa taka.

Dalili: ndoo au kreti inapasuka asubuhi ya baridi

Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari na Molo karibu 2,500. Bidhaa ile ile iliyopita jaribio la kuangushwa Kibuye, Kisumu, saa nane mchana inaweza kupasuka alfajiri milimani. Sababu ya msingi ni kwamba ile sehemu ya PP isiyo fuwele, ambayo ndiyo inayonyumbuka, hugeuka kuwa kama kioo kati ya nyuzi 0 na 10 chini ya sifuri. Kadiri unavyoukaribia mpaka huo, uwezo wa kuhimili pigo unaporomoka, na maporomoko huanza mapema, kwenye nyuzi 10 hivi juu ya sifuri.

Hapa kuna kinaya. PP yenye mpangilio mzuri zaidi wa isotaktiki ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo inayopasuka kirahisi zaidi kwa baridi, maana imebakisha sehemu chache za kunyumbuka. Fundi anayenunua "daraja la juu" kwa ajili ya ndoo za nyanda za juu anaweza kuwa amejiongezea tatizo.

Fanya hivi. Weka bidhaa tano kwenye friji ya kawaida, nyuzi 4 hivi, usiku kucha, na nyingine tano ziache chumbani. Zijaze maji hadi nusu na uziangushe kwa kitako kutoka mita 1.2. Za baridi zikipasuka na za chumbani zikipona, tatizo ni mpaka wa kioo, na kurekebisha mashine kutapunguza lakini hakutaondoa. Agiza aina ya PP iliyotengenezwa kuhimili pigo, ambayo ina chembe za mpira wa etilini na propilini ndani yake. Utaitambua kwa kukunja ukanda mwembamba, kwani mkunjo huwa mweupe pe.

Zote zikipasuka, baridi haina kesi. Tazama mpasuko kwa kioo cha kukuza. Mistari ikianzia pale plastiki ilipoingilia kwenye kalibu, shuku joto kali: PP iliyopitishwa juu ya nyuzi 280, au iliyosagwa na kuyeyushwa mara nyingi, minyororo yake imekatika. Hapo mpangilio wa mikono upo, ila mabua ni mafupi. Dalili yake ni plastiki kutiririka kama maji na kuvuja pembezoni mwa kalibu. Shusha joto hadi 200–230 na usipitishe asilimia 20 ya mabaki ya kusagwa.

Mpasuko ukiwa katika sehemu nene tu, hasa kitako na mizizi ya mshikio, sababu ni kupoa polepole. Fuwele za PP hukua kama viduara kutoka kitovu kwenda nje. Vikipewa muda huwa vikubwa, na pigo hupita kwenye mipaka yao kama nyufa za tope lililokauka. Punguza joto la kalibu, ikiwezekana liwe nyuzi 20 hadi 40, na uangalie kama njia za maji zimezibwa na chokaa. Maji ya visima vya Nakuru yana madini mengi, na njia ya milimita 8 iliyobaki 5 haipozi tena inavyotakiwa. Njia nyingine ni kutia unga laini wa talki, nusu hadi asilimia 1. Fuwele huanzia kwenye kila chembe, zinakuwa nyingi na ndogo.

Dalili: kifuniko hakikai, au kimepinda kama jani kavu

Hili huwapata wanaonunua kalibu iliyotumika. Polistirini ya kawaida ni ataktiki. Haifanyi fuwele, inaganda tu ilivyo, na husinyaa karibu asilimia 0.5. PP isotaktiki hujipanga inapopoa, minyororo inabanana, na husinyaa kati ya asilimia 1 na 2.5. Kalibu ya kifuniko cha milimita 200 iliyochongwa kwa polistirini itakupa milimita 199. Ukitia PP inayosinyaa asilimia 1.6, unapata 196.8. Milimita mbili na ushei zimepotea, na hakuna presha itakayozirudisha zote.

Kama kalibu ni ya PP na bado kuna shida, ongeza muda wa kushikilia presha kwa sekunde moja moja huku ukipima uzito wa kifuniko kwenye mizani ya gramu 0.1. Uzito ukiacha kuongezeka, lango (tundu la plastiki kuingilia kalibu) limeganda, na muda wa ziada ni umeme unaotupwa. Kupinda ni suala jingine: upande uliokaa na joto zaidi umefanya fuwele nyingi zaidi, ukasinyaa zaidi, ukavuta mwenzake. Kifuniko huinama kuelekea upande ule uliochelewa kupoa. Sawazisha joto la nusu mbili za kalibu, tofauti isizidi nyuzi 5.

Usipime kifuniko kikiwa cha moto, wala jioni ile ile. Fuwele zinaendelea kuongezeka taratibu kwa siku moja au mbili. Pima baada ya saa 48, kisha ndipo ulaumu kalibu.

Dalili: uso unanata au una mafuta

Futa sehemu kwa pamba yenye spiriti na uiache wiki. Utelezi ukirudi juu ya mwili ambao ni mgumu, hicho ni kiungo cha kulainisha kilichotiwa kiwandani kinachopanda juu. Mwili wenyewe ukiwa laini, kucha ikaacha alama, na jaribio la bamba likaonyesha chini ya 155, basi sehemu ya ataktiki imezidi. PP nzuri isiyo na etilini huwa na asilimia chache tu ya sehemu inayobaki imeyeyuka kwenye zailini baada ya zailini hiyo kuchemshwa na kupozwa hadi nyuzi 25. Jaribio hilo lisifanywe karakanani. Mvuke wa zailini unawaka kirahisi na unaumiza kichwa na mapafu. Omba muuzaji karatasi ya vipimo vya gunia, au peleka sampuli kwenye maabara ya kemia ya chuo kikuu iliyo karibu, uulize kama wana mashine ya kupima joto la kuyeyuka.

Punje hizo zisirudishwe kwenye mabeseni. Zichanganye asilimia 10 kwenye bidhaa nene isiyobeba mzigo, kama vitalu vya kuwekea miche.

Dalili: mteja anataka uwazi, unatoa ukungu

Viduara vya fuwele vinatawanya mwanga, basi. Nunua PP ya kopolima yenye etilini kidogo pamoja na kiungo cha kung'arisha, au utumie polistirini ukubali kwamba italegea karibu na nyuzi 100 na itavunjika ikianguka.

Dalili: kamba ya wavu inachanika kwa urefu

PP huelea, ndiyo sababu inapendwa kwa kamba za juu za nyavu ziwani. Nailoni, yenye msongamano wa 1.14, huzama. Nguvu ya kamba hutokana na kuvutwa: ukanda uliopashwa moto hunyooshwa mara 5 hadi 7 ya urefu wake, na zile skrubu za isotaktiki hulala kufuata mvuto. Ukiuvuta kupita hapo, nguvu ya urefu inaendelea kupanda ila hakuna kinachoshika upande kwa upande, na ukanda unapasuka kama muwa uliochanwa. Punguza uvutaji kwa nusu hatua kila mara. Ukanda ukikatika kabla ya kufika mara 4, malighafi ina polithini au minyororo iliyokatika. Lakini kamba iliyokaa miezi juani ufukoni Dunga, Kisumu, ikatoa unga mweupe ukiisugua, hiyo ni kazi ya jua. Mpangilio wa mikono hauhusiki, dawa ni masizi meusi ya asilimia 2 hivi tangu kiwandani.

Dalili: kitu kilichochapishwa kwa printa ya 3D kimelegea juani

Kishikio cha simu kwenye dashibodi ya matatu iliyoegeshwa Kisumu mchana. Asubuhi kilisimama wima, saa tisa kimeinama kama mgomba uliokosa maji. Plastiki ni PLA, inayotengenezwa kwa asidi laktiki, na asidi hiyo ina sura mbili, L na D, kama ndara ya kushoto na ya kulia: zinafanana kwa kila kitu ila hazivaliki mguu mmoja. Mnyororo wa L mtupu hujipanga, hufanya fuwele na huyeyuka nyuzi 170 hadi 180. Kila D inayochomekwa kati ya L inavuruga safu. Kwenye asilimia 4 ya D kiwango cha kuyeyuka kimeshuka karibu na 150 na fuwele zinajitengeneza kwa uvivu. Ikizidi 10 na kuendelea, hazijitengenezi kabisa.

PLA yoyote isiyo na fuwele hulegea kwenye nyuzi 55 hadi 60, na nyuma ya kioo cha gari lililofungwa juani joto hupita hapo. Printa humwaga plastiki na kuipoza papo hapo, kwa hiyo hata PLA nzuri hutoka bila fuwele za maana. Swali ni kama inaweza kuzifanya ukiipa muda.

Jaribio linahitaji sufuria tu. Kata sentimita 10 za uzi wa PLA usiotiwa rangi. Maji yakichemka (Kisumu ni karibu nyuzi 96, Nakuru 94, na zote zinatosha), tumbukiza uzi kwa dakika 30. Mwanzoni utalegea kama tambi. Uinue kwa koleo ukiwa bado wa moto. Ukiwa umegeuka mweupe kama maziwa na unasimama wenyewe, umefanya fuwele, D ni chache. Ukiwa bado unapitisha mwanga na unaning'inia, D ni nyingi, na hakuna oveni itakayokusaidia. Badilisha uzi, au chapa kwa plastiki nyingine za printa, PETG au ABS.

Uzi uliofaulu, chapa kipande cha majaribio cha milimita 100 kwanza. Kifukie kwenye chumvi laini kavu ndani ya sufuria, ukibane vizuri ili kisipinde, kisha oveni ya nyuzi 95 hadi 100 kwa saa moja. Kiache kipoe humo humo. Kipime: kitakuwa kimefupika kwa ulalo na pengine kimenenepa kidogo kwa wima. Kama kimebaki 97, chapa bidhaa yako ikiwa imekuzwa kwa 100/97, yaani asilimia 3.1. Oveni ya makaa haifai bila kipimajoto.

Uzi unaotoa milio ya pa-pa kwenye pua ya printa na kuacha nywele umenyonya unyevu wa ziwa. Ukaushe nyuzi 45 hadi 50 kwa saa 5. Usichanganye tatizo hilo na hili.

Wapo wanaouza PLA ya "joto la juu" iliyochanganywa minyororo ya L mitupu na minyororo ya D mitupu. Si uongo. Minyororo mizima ya aina mbili hufumbatana jozi kwa jozi na fuwele zake huyeyuka nyuzi 220 hadi 230. D iliyotapakaa ndani ya mnyororo wa L inaharibu, D iliyo na mnyororo wake inaimarisha.

Dalili: blada imekakamaa na kupasuka

Mpira wa asili ni poliisoprini ambayo viungo vyake vyote vimeinama upande mmoja, mkao wa sisi. Ndugu yake, gatapacha, ina fomyula ile ile kwa mkao wa transi. Ni ngumu kwenye joto la chumba, hulainika karibu nyuzi 60, na madaktari wa meno huitumia kuziba mizizi. Kwa hiyo wapo wanaodhani blada ya kufungia mizigo ikikakamaa imegeuka kuwa transi. Haigeuki. Nyufa zilizokatiza mvuto ni za ozoni, gesi kali ya hewani, inayokata viungo pacha vya kaboni.

Gusa ukanda kwenye mdomo wa juu, kisha uuvute kwa ghafla: utahisi uvuguvugu, kwa sehemu ni minyororo iliyonyooka ikijipanga kuwa fuwele. Uachie, utahisi ubaridi. Tyubu nyingi za magari ni za butili, jamii ya poliisobutilini. Ina mikono miwili ya methili kwenye kaboni moja, hivyo haina kushoto wala kulia, na viungo pacha vyake ni vichache mno kwa ozoni kula. Kwa mizigo inayoshinda juani kwenye boda, kata blada zako kwenye hizo, na usizitundike zikiwa zimevutwa, wala karibu na mashine ya kuchomelea, inayotoa ozoni.